Herufi M

Nikiwa jukwaani nikasema, "Nasikia jina linaanza na M, ni mtu mzima, ametangulia," sitakosa mkono unaoinuka. Hesabu mwenyewe: Mohamed, Mariamu, Musa, Mwanaidi, Maria, Mwangi. Wakikosekana hao, yupo Mama. Yupo Mzee, yupo Mjomba, yupo hata Mchungaji. Lugha yetu imetupa ngeli nzima ya watu inayoanza na herufi hiyo, kwa hiyo anayetega kwa M anatega mlangoni.

Kazi yangu ni mazingaombwe, mwaka wa kumi na tisa huu. Njiwa, kamba, karata. Harusini, shuleni, kwenye sherehe za ofisi. Zamani watu walikuwa wakinivuta pembeni kuniuliza njiwa anatoka wapi. Siku hizi wananiuliza habari za wale wa kwenye video wanaosema wanaongea na wafu: wanajuaje? Na mara nyingi anayeuliza ni mtu ambaye msiba wake bado mbichi.

Hawajui. Anayejua ni mfiwa. Yeye ndiye anayesema kila kitu, kisha akifika nyumbani anasimulia kwamba aliambiwa.

Tazama inavyokwenda. Naanza na kifua: "Naona tabu kifuani." Moyo, mapafu, presha, uzee, yote mwisho wake pumzi hukatikia hapo. Kisha natupa sentensi ambayo haijulikani kama ni swali au taarifa: "Hakuugua sana?" Mfiwa akijibu, "Alianguka tu asubuhi," naitikia, "Ndiyo, ghafla, ndivyo anavyonionyesha." Akijibu kwamba aliugua miaka mitatu, naitikia kwa utulivu uleule: "Mwenyewe anasema hakuiona mirefu, kwa sababu ulikuwepo." Hapo chozi linatoka, na chozi hilo ni habari nyingine niliyopewa bure: huyu ndiye aliyeuguza, pengine peke yake. Namwambia, "Anajua nani alikuja kumwona na nani hakuja." Sijui chochote kuhusu ndugu zake. Lakini nitajie familia iliyouguza mgonjwa miaka mitatu ambayo haina orodha hiyo moyoni.

Nikikosea je? Nikitaja saa ya mkononi, mtu akatikisa kichwa, namwambia akaulize nyumbani, upande wa baba. Kosa langu limegeuka kazi yake. Wiki nzima atatafuta saa, na akiikuta kabatini kwa shangazi, simu zitapigwa mpaka Muscat.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo "yake". Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, aliyoyaokota kwenye kitabu cha nyota. Alipowauliza yamewagusa kwa usahihi kiasi gani, wastani ulifika 4.26 kati ya 5. Na hao hawakuwa wamefiwa, walikuwa darasani tu.

Mtu ninayemrudia kila nikizungumzia jambo hili ni Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani, kwa sababu yeye alikaa pande zote mbili za meza. Kabla hajapata jina, shida ilimfikisha yeye na mkewe Bess kwenye onyesho la wauza dawa huko Kansas, mwishoni mwa miaka ya 1890, na huko wakajifanya wanaita roho. Baadaye alieleza mwenyewe alivyokuwa akifanya: akifika mji mpya anapita makaburini na daftari, anasoma mawe, anachota umbea wa mji, na usiku anawatajia wazazi majina ya watoto wao waliozikwa. Aliiacha kazi hiyo alipoona wanavyomwamini.

Mwaka 1913 akafiwa na mama yake, Cecilia. Alimpenda mno, na kwa miaka mingi alikaa na waita roho akitamani apate japo mmoja wa kweli. Juni 1922 alikuwa Atlantic City na rafiki yake Arthur Conan Doyle, yule wa hadithi za Sherlock Holmes, ambaye naye alishampoteza mtoto wake wa kiume, Kingsley, mwaka 1918. Mke wa Doyle alikuwa akishika penseli na kuandika anayoambiwa na roho. Mapazia yakafungwa. Mkono ukaanza kukimbia, karatasi kwa karatasi, mpaka zikafika kama 15 za maneno ya mama kwa mwanawe.

Houdini alikaa kimya akizisoma. Juu ya ukurasa wa kwanza palichorwa msalaba, na mama yake alikuwa mke wa rabi wa Kiyahudi. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo mama yule hakuwahi kuimudu. Nyumbani aliongea Kijerumani na mwanawe. Na siku hizohizo ilikuwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, roho haikuigusia. Doyle alikuwa na jibu kwa kila pingamizi: mkewe huanza na msalaba siku zote, na lugha haina uzito kwa aliyevuka. Sidhani kama mke wa Doyle alikusudia kudanganya. Wapo wanaojidanganya wenyewe kwanza, na hao ndio wagumu kuwakamata, kwani huwezi kukuta uzi mfukoni mwa mtu ambaye hakuuweka.

Houdini alitumia miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki 1926, kuwawinda waita roho. Alikuwa na mpelelezi mwanamke, Rose Mackenberg, aliyekwenda kwenye vikao amejivika ujane. Hakuwahi kuolewa, lakini alipokea salamu nyingi tu kutoka kwa waume zake marehemu.

Leo hakuna haja ya daftari la makaburini. Soma tanzia yoyote gazetini: mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, mkwe wa, babu wa, aliyewahi kufanya kazi mahali fulani. Wasifu wa marehemu unachapishwa na picha. Kundi la michango limejaa majina. Mtu akija siku arobaini baadaye akakutajia wajukuu watatu, uliza kwanza nani alirusha tanzia hiyo mtandaoni.

Kuna wanaosema, hata kama ni uongo, unamliwaza mtu, ubaya uko wapi? Amanda Berry alitekwa Cleveland, Marekani, mwaka 2003 akiwa msichana. Novemba 2004 mama yake alikaa kwenye kipindi cha televisheni mbele ya Sylvia Browne, mwita roho maarufu wa wakati huo, naye akamwambia mwanawe hayupo hai tena. Mama alifariki 2006. Mei 2013 Amanda akatoroka kutoka nyumba aliyofungiwa, mzima, akiwa na binti wa miaka sita.

Kwetu roho haiishii kuleta salamu. Inaulizwa nani kaniua. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na jina "ramli chonganishi" limebaki kwenye taarifa za polisi hadi leo.

Mimi mwenyewe hiki kipande nimekifanya mara moja tu, kwenye semina ya wauguzi, nikiwa nimetangaza mwanzoni kwamba ni kiinimacho. Nikasema M, kifua, na kikombe ambacho hakuna anayekigusa. Mama mmoja wa makamo, safu ya tatu, akaanza kulia. Nikasimamisha kila kitu, nikaeleza mbinu moja baada ya nyingine, wakacheka, wakapiga makofi. Baada ya chai akanifuata kwenye gari nikipakia vifaa.

"Mwanangu, kikombe ulikijuaje?"

"Mama, nilibahatisha. Nyumba gani haina kikombe?"

"Cha kwake ni cha bati, kina ufa mpini."

"Hilo sikulisema mimi, mama. Umelisema wewe sasa hivi."

Akanitazama kwa muda, akaniwekea mkono begani kama anayemsamehe mtoto.

"Sawa. Nimekuelewa. Lakini siku akija tena, usinifiche."