Bado tunahitaji mafuta ya kwenda mtoni

Juzi kwenye kikao hapa Iringa nimeulizwa tena: "Si mmeshafungiwa mfumo wa kidijitali wa kupima maji ya mto? Sasa mafuta ya gari ya kwenda mtoni ni ya nini?" Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya, na wala si wa kwanza. Ajenda zilikuwa nyingi, nikajibu kwa kifupi, na jibu fupi halikumridhisha mtu. Refu ni hili.

Kihisi kilichofungwa kwenye nguzo hakijui mto una maji kiasi gani. Kinajua kina tu, yaani uso wa maji uko juu kiasi gani kutoka kwenye sifuri ya geji, ile nguzo yenye alama za kusomea kina. Basi. Namba hiyo inatumwa kwa laini ya simu, na ikifika kwenye skrini inaonekana imeshakuwa mita za ujazo kwa sekunde. Aliyeigeuza si kihisi. Ni mkunjo wa kina na mtiririko, yaani mstari kwenye mchoro unaosema kwa kila kina maji kiasi gani yanapita, na mkunjo huo tumeuchora sisi kwa kuingia majini: kamba imekatiza mto ukingo hadi ukingo, mmoja ameshika propela ya kupimia kasi ya maji, mwingine anaandika. Kila hatua unapima kina na kasi, unazidisha kwa upana, mwisho unajumlisha. Kazi ya nusu siku inakupa nukta moja kwenye mchoro. Nukta zikikusanyika, maji madogo kwa makubwa, ndipo unapopata mkunjo wa kuaminika.

Watu wanadhani kina na wingi ni kitu kimoja. Waende Ng'iriama wakaone, pale Ruaha Mkuu unapotoka kwenye ardhioevu ya Ihefu. Pana kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya mwamba ule, nyuma yake bado yamesimama, viboko wamo, ndege wamo, lakini kinachovuka kwenda chini ni sifuri. Ukiweka geji nyuma ya kizingiti itasoma kina safi kabisa, na mto huko mbele umekatika.

Mwamba angalau hauhami. Mchanga unahama, na vituo vyetu vingi viko juu ya mchanga. Tuseme kina halisi kwenye kituo ni sentimita 20 juu ya mahali mtiririko unapoanzia. Mchanga ukajaa sentimita 10, uso wa maji ukapanda, kihisi kikasoma 30. Kama mtiririko unaongezeka kwa kipeo cha pili cha kina, jambo la kawaida mitoni, mfumo utatangaza maji zaidi ya mara mbili ya yaliyopo: tisa badala ya nne. Kosa hilo hilo la sentimita 10 wakati wa masika, maji yakiwa mita 3, ni asilimia 7 tu, halimsumbui mtu. Kwa hiyo mfumo unadanganya zaidi kiangazi, wakati ule ule ambapo mwenye kibali cha kumwagilia Mbarali na aliye chini yake wanagombea kila ndoo. Skrini ikisema maji yapo, lango la mfereji linabaki wazi. Wa chini anangoja maji yasiyokuja, kisha anaambiwa takwimu zinaonyesha yapo.

Mwaka jana mzee anayetusomea geji kwenye kituo kimoja alinipigia: "Mwanangu, mto umehama. Maji yanapita upande wa pili." Nikafungua mfumo, nikaona mstari umenyooka kwa siku kumi na moja. Kuna mtu ofisini alikuwa ameshauandika kwenye ripoti kuwa ni "mtiririko tulivu". Tulipofika, nguzo ya geji ilikuwa imesimama kwenye kidimbwi chenye majani yaliyooza, na mto wenyewe unapita hatua arobaini kutoka hapo, kwenye mkondo mpya. Kihisi hakikuwa kibovu. Kilipima kidimbwi, kwa usahihi kabisa.

Na tafadhali, nafasi tupu si sifuri. Betri ikifa au nyuki wakihamia kwenye sanduku, data inakatika. Mtu anapakia jedwali, anajaza sifuri kila penye pengo, kisha anatafuta wastani wa mwezi. Kwenye mito mingine utashtuka ukiona sifuri. Kwa Ruaha Mkuu hushtuki, kwa sababu tangu 1993 mto huo umekuwa ukikatika kweli kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sifuri ya uongo inajificha vizuri katikati ya sifuri za kweli. Acheni pengo libaki pengo.

Siukatai mfumo. Umenionyesha mafuriko ya usiku ambayo msoma geji asingeyaona mpaka asubuhi, na picha za satelaiti zinaonyesha Ihefu inavyopanuka na kusinyaa vizuri kuliko mguu wangu unavyoweza. Lakini ncha ya juu ya mkunjo hunikosesha usingizi. Maji makubwa kabisa hatuyapimi: mto unabeba magogo, njia imekatika, mamba wamo, siwezi kumwambia kijana aingie. Tunauvuta mstari kutoka nukta ya mwisho kwenda juu tukiamini utaendelea na umbo lile lile. Namba ya mafuriko inayoingia kwenye usanifu wa daraja mara nyingi inatoka kwenye kipande hicho cha mstari, na kwenye skrini imechorwa kwa rangi ile ile na kipande kilichopimwa.

Kikao kijacho nitaomba tena mafuta, na vibarua wawili wa kushika kamba kwa siku mbili. Nataka tufike kabla mvua za Novemba hazijaanza, maana tangu mto uhame, kituo kile cha mzee hakijapata nukta hata moja, na mfumo bado unakitolea namba kila siku.