Kikosi kipana cha ushambuliaji ni kitu gani, na kinamfaa vipi mratibu

Kila msimu wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, unapokaribia, sentensi ni ileile: "Timu ile ina kikosi kipana, mratibu wake wa ushambuliaji atakula bata tu." Ukimwuliza msemaji upana wenyewe uko wapi, anakutajia majina matatu: kwotabeki (mrusha mipira) mwenye mkono wa nguvu, mpokeaji mwenye kasi, na mkimbiaji (anayekimbia na mpira mkononi) aliyesajiliwa kwa pesa ndefu. Sawa, hao ni wachezaji watatu wazuri. Lakini upana hajaugusa bado.

Maana yenyewe ni fupi. Kikosi kipana ni kile ambacho namba moja akitoka, anayeingia anaifanya kazi ileile kwa kiwango cha kutosha timu isilazimike kubadili mipango yake. Katika futiboli ya Kimarekani kila nafasi ina orodha yake, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na upana hupimwa kwa kushuka chini ya orodha hiyo. Mratibu wa ushambuliaji, naye, ndiye kocha anayepanga mbinu za timu inapokuwa na mpira. Mara nyingi ndiye pia anayeita mbinu moja moja siku ya mechi, ingawa kwenye timu nyingine kazi hiyo huishika kocha mkuu mwenyewe.

Kinachonikera ni watu kuchanganya nyota na upana, kana kwamba cha kwanza kikiwapo cha pili kimejileta. Kuna msimu mmoja ambao ungepaswa kuumaliza ubishi huu, lakini wengi wameusahau.

Kansas City Chiefs wa 2020 walishinda mechi 14 kati ya 16 za msimu wa kawaida. Kwotabeki alikuwa Patrick Mahomes, na waliokuwa wakidaka mipira yake ni Travis Kelce na Tyreek Hill. Kutafuta safu yenye majina mazito kuliko hiyo ni kujisumbua. Sasa angalia mbele ya Mahomes, kwenye ukuta wa wazuiaji watano wasioimbwa na mtu. Mitchell Schwartz, wa pembeni kulia, aliumia mgongo Oktoba na hakurudi tena. Eric Fisher, wa pembeni kushoto, alichanika kano ya kisigino kwenye fainali ya AFC, moja ya nusu mbili za ligi (nyingine ni NFC), dhidi ya Buffalo, wiki mbili kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi nzima. Ikabidi Mike Remmers, ambaye tayari alikuwa akiziba pengo la Schwartz kulia, avushwe upande wa kushoto. Andrew Wylie aliyekuwa akicheza ndani akasukumwa nje, pembeni kulia. Kwenye nafasi aliyoiacha Wylie akaingizwa Stefen Wisniewski. Ameumia mtu mmoja, zimeguswa nafasi tatu.

Tarehe 7 Februari 2021, mjini Tampa, Mahomes alikimbizwa mechi nzima. Aliangushwa mara 3, alirusha mipira 2 mikononi mwa wapinzani, na timu ikaambulia pointi 9, zote za mikwaju, bila tachidauni (kuufikisha mpira ndani ya eneo la goli) hata moja. Buccaneers 31, Chiefs 9. Hill alikuwapo uwanjani na miguu yake yote miwili. Kelce alikuwapo. Ila mpokeaji anahitaji sekunde kadhaa kukimbia yadi 30, na mrushaji hakuwa na sekunde hizo. Andy Reid, kocha mkuu aliyekuwa akiita mbinu, na mratibu wake Eric Bieniemy walibaki na nyota wasioweza kuwatumia.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo, kwa sababu ndipo tunapoona kwa nini upana ni suala la mratibu kabla halijawa la mtu mwingine yeyote. Siku ya mechi mratibu hushika karatasi kubwa iliyofunikwa plastiki, yenye mbinu zilizopangwa kwa mazingira yake: jaribio la tatu (timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10) zikibaki yadi nyingi, jaribio la tatu zikibaki chache, karibu na mstari wa goli, dakika mbili za mwisho. Tangu 1994 sauti ya kocha humfikia kwotabeki kwa redio iliyo ndani ya kofia yake, ile yenye kitone cha kijani kisogoni. Saa ya jaribio ina sekunde 40, na zikibaki 15 redio hukatika. Hakuna muda wa kufikiri upya. Na kila mstari kwenye ile karatasi umeandikwa kwa kudhani kwamba fulani ataweza kitu fulani: huyu atamzuia peke yake, bila msaada, mlinzi wao hatari zaidi anayemkimbilia kwotabeki, yule atadaka akiwa amebanwa. Fulani akitoka na aliyeingia hawezi, mistari hiyo inafutika hata kama hakuna aliyeipitishia kalamu. Upana ni ile mistari inayobaki baada ya watu kuumia.

Ligi yenyewe inalijua hili, na imeliweka kwenye kanuni. Timu husajili wachezaji 53, lakini wanaoruhusiwa kuvaa jezi siku ya mechi ni 48, tena kwa sharti kwamba angalau 8 kati yao wawe wazuiaji wa ukuta wa mbele. Wakipungua 8, timu inaruhusiwa 47 tu. Wanaoanza ni watano. Kanuni inakusukuma uje na akiba watatu wa kazi ambayo mashabiki wengi hawaitazami kabisa. Juu ya hapo kuna kikomo cha mishahara kilicho sawa kwa klabu zote 32, dola milioni 255.4 kwa mwaka 2024, kwa hiyo hakuna tajiri anayeweza kununua nyota wa pili kwa kila nafasi. Akiba hutengenezwa mazoezini, na anayemtengeneza ni mratibu na wasaidizi wake.

Mfano wa upande wa pili ni Philadelphia Eagles wa 2017. Jason Peters, mzuiaji wao mkongwe wa kushoto, aliumia goti Oktoba, akaingia Halapoulivaati Vaitai. Desemba kwotabeki Carson Wentz, aliyekuwa akitajwa kwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, akachanika kano ya goti dhidi ya Rams. Akaingia Nick Foles. Wengi waliwazika Eagles siku hiyohiyo. Foles aliwafunga Vikings 38 kwa 7 kwenye fainali ya NFC, kisha tarehe 4 Februari 2018 mjini Minneapolis, kwenye Super Bowl, akawafunga Patriots 41 kwa 33, yadi 373 kwa mkono wake, na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Ukuta uliokuwa na Vaitai ndani yake haukuruhusu aangushwe hata mara moja.

Tachidauni ya kabla tu ya mapumziko ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Jaribio la nne, yadi moja kutoka golini. Timu nyingi zingepiga mkwaju zichukue pointi 3. Mpira ukatoka kwa Jason Kelce, mzuiaji wa katikati anayeuanzisha, moja kwa moja hadi kwa Corey Clement, mkimbiaji wa mwaka wa kwanza ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya. Clement akakimbilia kushoto na kumpasia Trey Burton aliyekuwa akija kwa upande wa pili. Burton alikuwa wa tatu kwenye orodha ya taitiendi, ile nafasi ya mtu anayezuia na kudaka vilevile, naye pia hakuchaguliwa kwenye drafti. Ila chuoni alishawahi kucheza kwotabeki. Akarusha, na aliyekuwa peke yake golini akisubiri ni Foles. Watu watatu walioushika mpira baada ya Kelce, na wote watatu hukuwasikia kwenye mazungumzo ya "kikosi kipana" mwezi Agosti. Doug Pederson, kocha mkuu aliyeita mbinu, alikuwa nayo kwenye karatasi kwa sababu alijua kijana wa tatu kwenye orodha anaweza kurusha. Wiki moja baadaye mratibu wake, Frank Reich, alikuwa kocha mkuu wa Indianapolis Colts.

Faida ya pili ya upana haihusu majeruhi, na hii husahaulika zaidi. Makocha huyaita makundi ya wachezaji kwa namba mbili: ya kwanza ni idadi ya wakimbiaji, ya pili ni idadi ya taitiendi, na wanaobaki kufikia watano ni wapokeaji. Kundi la 11 lina mkimbiaji mmoja, taitiendi mmoja, wapokeaji watatu. Kundi la 12 lina taitiendi wawili na wapokeaji wawili. Wapinzani wakiona 12 inaingia lazima waamue haraka: waweke watu wazito wa kuzuia mbio, au wepesi wa kuzuia mipira ya kurushwa. Kama taitiendi wako wa pili anajua kuzuia tu, umewarahisishia, maana wanajua unakimbia. Kama anajua kuzuia na kudaka, wakiweka wazito unarusha, wakiweka wepesi unakimbia. Fundi mwenye spana kumi za namba moja hajapanua sanduku lake, na mratibu mwenye wapokeaji sita wanaofanana yuko hivyohivyo.

Nibaki na kosa la mwisho, lile la kusema kwamba kikosi kipana humfanya mratibu yeyote aonekane hodari. Linatajwa sana kuhusu Ben Johnson, aliyekuwa mratibu wa ushambuliaji wa Detroit Lions wa 2024. Timu ilishinda mechi 15 kati ya 17 na kufunga pointi 564, nyingi kuliko timu yoyote msimu huo. Wakimbiaji walikuwa wawili, David Montgomery na Jahmyr Gibbs, wakipokezana. Montgomery alipoumia goti Desemba, Gibbs alibeba mzigo, na kwenye mechi ya mwisho ya msimu alifunga tachidauni 4 dhidi ya Vikings. Dan Skipper, mzuiaji wa akiba, alidaka tachidauni dhidi ya Buffalo. Ni upana wa kweli, sikatai. Lakini wachezaji hao hawakuja na mbinu mkononi. Kila chaguo linaloongezeka ni zoezi la ziada katikati ya wiki ambayo namba moja tayari anachukua karibu muda wote wa mazoezi, na ni uamuzi wa ziada ndani ya zile sekunde 25 za redio. Mratibu mvivu hupunguza orodha mpaka abaki na majina matatu yaleyale.

Na upana wa safu moja si upana wa timu nzima. Ulinzi wa Lions uliparaganyika kwa majeruhi, Aidan Hutchinson akiwa wa mapema kwa kuvunjika mguu Oktoba, na Januari Washington Commanders waliwafunga 45 kwa 31 nyumbani kwao. Siku ile ushambuliaji nao ulipoteza mpira mara 5. Mara mojawapo Johnson aliita mbinu ya hila, mpokeaji Jameson Williams arushe yeye badala ya kwotabeki, na mpira ukadakwa na wapinzani. Siku chache baadaye Johnson alitangazwa kocha mkuu wa Chicago Bears.

Anayesema Johnson alibebwa na kikosi ningemwomba abadilishe maneno kidogo tu. Kikosi kilimpa mengi ya kuchagua, na kwa sehemu kubwa ya msimu aliyachagua vizuri. Ule mpira wa Williams nao aliuchagua yeye.