Nani Hatujamwona Leo?

Ibada ikiisha, watu wakiwa bado wanasalimiana mlangoni, wazee wa kanisa watatu na shemasi mmoja hubaki mbele karibu na mimbari kwa dakika kama kumi. Hawahesabu sadaka, hiyo ina watu wake. Wao wana swali moja tu la kujibu: nani hatujamwona leo? Majina huandikwa kwenye daftari la kawaida la mistari, na mbele ya kila jina huandikwa jina la pili, la yule atakayekwenda kumjulia hali kabla ya Jumapili ijayo. Nimekuwa mchungaji wa sharika ndogo kwa zaidi ya miaka ishirini. Sijawahi kulea usharika uliozidi watu tisini. Ningeambiwa leo niache shughuli zote nibaki na moja tu, mbali na Neno na Meza ya Bwana, ningebaki na daftari hilo.

Naandika kwa ajili ya watumishi wanaoanza, hasa waliopangiwa kanisa dogo wakaona kama wamepewa adhabu. Huniuliza: kanisa la watu hamsini linafanya nini kati ya Jumatatu na Jumamosi? Wanatarajia niwatajie vipindi: kwaya, vijana, kina mama, maombi ya katikati ya juma. Vipindi hivyo vyote tunavyo. Lakini kanisa linaweza kuwa navyo vyote na bado mtu akapotea ndani yake bila yeyote kugutuka. Hilo najua kwa sababu lilitokea mikononi mwangu.

Alikuwa mama mjane, mwimbaji wa kwaya wa miaka mingi, aliyezoea kuketi safu ya tatu upande wa dirisha. Jumapili moja hakuja. Tukadhani amesafiri. Jumapili ya pili mtu akasema huenda yuko kwa mwanawe, na neno lile "huenda" likatutosha sote. Ya tatu ikapita hivyo hivyo. Katika juma la nne jirani yake, ambaye hata si mshirika wetu, alikuja kutuuliza kama tunajua kwamba mama yule ameanguka, amevunjika nyonga, na amelala hospitali siku zote hizo. Nilikwenda saa ile ile. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kwaya imepata mtu wa kuimba sauti yake. Ningefarijika zaidi kama angenikemea.

Nilipokaa na wazee kutafuta kosa lilikuwa wapi, hatukumpata mzembe. Kina mama walidhani wazee wamekwenda. Wazee walidhani mchungaji anajua. Mimi nilidhani kwaya wako naye. Kila mmoja alimpenda mama yule, na kila mmoja aliamini upendo wa mwenzake umeshafika. Katika kanisa kubwa mtu hupotea kwa sababu hajulikani. Katika kanisa dogo hupotea kwa sababu anajulikana na wote, na jambo la wote halina mwenyewe. Ndiyo maana nasisitiza jina la pili kwenye daftari. La kwanza ni la asiyeonekana, na bila la pili ukurasa ule ni orodha ya majuto.

Shida hii ni ya zamani kuliko majengo yetu yote. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 6: kanisa la Yerusalemu lilikuwa na moto wa kwanza kabisa, lilikuwa na mitume wenyewe, na bado wajane wa upande wa waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Neno lililotumika katika Biblia yetu ni hilo hilo, walisahauliwa. Mitume hawakujibu kwa kuhubiri zaidi juu ya upendo. Waliwaambia watu wachague saba, wenye majina, wakawekewa mikono, kazi ikawa na wenyewe. Wanafunzi wa Biblia hupenda kujadili kama hao saba ndio mashemasi wa kwanza. Mimi huishia kwenye jambo jepesi zaidi: kusahau kulitibiwa kwa kumtaja mtu.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Bristol, Uingereza, mwaka 1742. Wafuasi wa John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, walikuwa na deni la nyumba yao ya mikutano. Nahodha mmoja aliyeitwa Foy akapendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa juma. Wakamwambia wengi ni maskini, hawataweza. Akajibu kwamba apewe kumi na mmoja walio maskini zaidi, awatembelee mwenyewe kila juma, na asiye na kitu atamlipia yeye. Wengine wakafuata mfano wake. Walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakifuata peni, wakaona mambo ambayo kwenye mkutano hayakuonekana: huyu mgonjwa, huyu ana ugomvi nyumbani, huyu amerudia ulevi. Wesley alitambua mara moja kwamba hicho ndicho alichokuwa akikikosa. Utaratibu wa kukusanya pesa ukageuka kuwa utaratibu wa kuchunga watu, kikundi cha watu kama kumi na wawili na kiongozi wao, na "madarasa" hayo ndiyo yaliyoshika Umethodisti kwa vizazi. Hesabu ile ya kumi na wawili nimeijaribu. Mzee mmoja mwenye kazi na familia anaweza kuwabeba watu kumi, kumi na wawili kwa shida. Ukimpa ishirini atawabeba watano, na hao watakuwa rafiki zake.

Sasa kutembelea kwenyewe. Hapa ndipo watu wema huharibu mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiende ukiwa na kitabu cha ahadi za michango wala bahasha yake. Hata kama mwenye nyumba anadaiwa, siku hiyo si ya deni. Mtu aliyekaa majuma matatu bila kufika ibadani mara nyingi tayari ana aibu, na akiona karatasi mkononi mwako ataelewa umefuata nini. Usianze kwa kuuliza "mbona huonekani?" Swali hilo lina sauti ya askari. Mwambie tumekukosa, kisha nyamaza. Kukaa kimya dakika mbili sebuleni kwa mtu ni kazi ngumu kuliko kuhubiri nusu saa, lakini humo ndimo linapotoka lile lililomweka nyumbani: kazi imeisha, ndoa inayumba, amegombana na mtu wa safu ya nyuma yake, au imani yenyewe imepoa na haoni aanzie wapi kusema. Omba kwa ufupi, kwa lugha ya kawaida, na utaje jambo alilokwambia. Nenda na mwenzako unapomtembelea mtu anayeishi peke yake. Na mnapotoka, yaliyosemwa mle yabaki mle. Nimeona wito mzuri wa maombi ukitumika kupeleka habari za nyumba moja kwenye nyumba kumi. Mtu akisikia siri yake ikiombewa kwa sauti na watu asiowaambia, hatafungua mlango tena, na ana haki.

Wagonjwa wa siku chache hawana shida sana, kila mtu hukimbilia. Mgonjwa wa mwezi wa pili ndiye mtihani. Vivyo hivyo msibani. Siku ya mazishi nyumba hujaa, na kanisa dogo huonyesha uzuri wake wote siku hiyo: watu wanajua la kufanya bila kuambiwa. Halafu kila mtu hurudi kwake, na mfiwa hubaki na kiti kitupu. Kwa hiyo daftari letu lina kurasa za nyuma ambako tumeandika tarehe za vifo. Tunakwenda juma la sita, tunakwenda mwezi wa tatu, tunakwenda ile tarehe ikirudi mwaka unaofuata. Mara nyingi ziara ya mwaka ndiyo inayotoa machozi ambayo mazishi hayakuyatoa, kwa sababu mfiwa alidhani ni yeye peke yake anayeikumbuka siku hiyo.

Kuhusu fedha nitasema machache ila kwa uzito. Justino Mfiadini, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza kwamba katika mkutano wa Jumapili wenye uwezo walitoa walichopenda, kikawekwa kwa kiongozi, naye akawasaidia yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Angalia orodha ile: karibu wote ni watu ambao wasingeweza kuwapo kwenye mkutano au wasingekuwa na mtu wa kuwasemea. Kanisa lisilo na mfuko wa huruma, hata mdogo, hubaki na maneno tu linapomkuta mtu wa namna hiyo. Wa kwetu unashikwa na mashemasi wawili; mimi mchungaji siugusi. Mtunza hazina huonyesha mkutano mkuu kiasi kilichotoka, bila majina ya waliosaidiwa. Sadaka huhesabiwa na watu wawili wasio wa familia moja, siku ile ile, na wote hutia sahihi. Mtu mmoja aliwahi kuniambia utaratibu huo ni kutokuaminiana. Nilimkumbusha kwamba Paulo mwenyewe, akipeleka mchango wa makanisa kwa maskini wa Yerusalemu, alikataa kuubeba peke yake na akawaeleza Wakorintho wazi kwamba ni ili asilaumiwe. Kuhesabu wawili kunamlinda mwenye mikono safi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Watoto. Robert Raikes alipoanzisha shule yake ya Jumapili huko Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, alichagua Jumapili kwa sababu siku nyingine watoto wale walikuwa kazini, na alianza kwa kuwafundisha kusoma. Yaani alitazama mtaani akaona nani hayuko shuleni. Katika kanisa dogo shule ya Jumapili inaweza kuwa na watoto saba wa umri kuanzia miaka mitatu hadi kumi na miwili, na mwalimu hukata tamaa. Nawaambia walimu wetu: wakubwa wawasomee wadogo, na msiwe na haya ya kufundisha kisa kimoja kwa majuma mawili. Lakini jambo moja sijadili na mtu. Mtu mzima hakai peke yake na watoto. Wawe wawili daima, mlango wazi, hata kama mmoja ni mke wa mzee wa kanisa na anajulikana kuwa mtakatifu. Udogo wa kanisa na kufahamiana kwake si ulinzi. Mara nyingine ndio unaomfanya mtoto aogope kusema.

Jengo sitalizungumza sana. Mwaka 1932 wachimbaji wa mambo ya kale huko Dura-Europos, Syria, walikuta nyumba ya kawaida ambayo Wakristo wa karne ya 3 waliigeuza kuwa mahali pa ibada. Walibomoa ukuta kati ya vyumba viwili wakapata ukumbi mmoja, na chumba kingine wakakifanya cha ubatizo, chenye birika la ubatizo na picha ukutani, mojawapo ya mchungaji akibeba kondoo mabegani. Ni moja ya nyumba za kanisa za kale zaidi tunazozijua. Haikuwa na nafasi ya watu wengi. Nikipita mbele ya paa letu linalovuja huwa nakumbuka picha ile: watu wale walikuwa na kuta chache tu za kuchora, na bado mojawapo wakachora mtu aliyekwenda kumtafuta aliyekosekana.

Limebaki jambo la uchovu, nalo ndilo linaloua makanisa madogo kuliko umaskini. Watu watano hufanya kila kitu. Yule yule anafungua mlango, anaongoza nyimbo, anafundisha watoto, ni katibu, na akiumwa kila kitu kinasimama. Wengi wetu hujibu kwa kuwahimiza wengine wajitolee, na wengine hutazama chini. Mimi nimejifunza kufunga vipindi. Tulikuwa na vipindi sita kwa juma. Tumebaki na vitatu. Kikao cha Jumatano kilikuwa na watu wanne, wale wale waliochoka, na siku niliyotangaza tunakisimamisha dada mmoja alilia kwa nafuu. Muda ule sasa ndio wa ziara. Zamu za usafi na za kufungua mlango tunazipanga kwa miezi mitatu, na kila mwenye zamu ana wa kumpokea. Anayehitaji kupumzika hupumzika mpaka zamu ijayo bila kuulizwa sababu.

Naona pia kwamba anayefanya kila kitu hayumo kamwe kwenye daftari, kwa sababu haonekani kukosa. Yupo kila Jumapili, ana funguo mkononi. Mwaka jana tulianza kuandika hata majina ya watu kama hao, mmoja kila mwezi, na mtu akatumwa kuwatembelea kama wanavyotembelewa wengine. Katibu wetu, mwenye miaka kumi na minne katika kazi hiyo, alimfungulia mlango mzee aliyetumwa akamuuliza kuna barua gani ya haraka. Alipoambiwa hakuna barua, amekuja kumwona yeye tu, alisimama pale mlangoni muda mrefu.

Jumapili iliyopita daftari lilikuwa na majina manne. Wawili walikuwa safarini kweli. Mmoja ana homa. Wa nne ni kijana aliyepata kazi ya zamu, na Jumapili zake zote hadi mwisho wa mwaka zimechukuliwa. Mzee aliyepewa jina lake amekubaliana naye Alhamisi usiku, saa anayotoka kazini. Watasoma pamoja somo la Jumapili iliyopita, na mzee ameniomba nimwandikie mahubiri yangu kwa herufi kubwa kwa sababu taa ya pale wanapokutana ni hafifu.