Baiskeli ya Mota kwa Safari Ndefu: Amua Mwendo Kabla ya Kununua Mota

Mtu anayetaka kuitia mota baiskeli yake ya kawaida ili aende nayo mbali huanza, mara nyingi, kwa kuuliza mota ina wati ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini kwa safari ndefu huja mapema mno. Linalopaswa kutangulia ni mwendo ambao msafiri anakusudia kuushika saa baada ya saa, kwa kuwa mwendo ndio unaoamua ukubwa wa betri, joto la mota, kazi ya breki, uimara wa magurudumu na hata sheria itakayomhusu barabarani.

Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye barabara tambarare ni hewa. Nguvu inayohitajika kuipasua huongezeka kwa mchemraba wa mwendo, maana yake ni kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara nane. Msafiri aliyeketi wima na mizigo yake, akienda kilomita 25 kwa saa huku akikanyaga pedali, kwa kawaida hutumia wati-saa 8 hadi 12 za betri kwa kila kilomita (wati-saa moja ni nishati ya wati moja kwa muda wa saa moja). Akipandisha mwendo hadi kilomita 40 kwa saa, matumizi hupita wati-saa 20 bila shida. Tuchukue betri ya volti 48 na ampea-saa 20, yaani wati-saa 960, na tuseme anatumia asilimia 80 tu ya uwezo wake ili kuitunza, hivyo anabaki na wati-saa 768. Anayetumia 12 kwa kilomita atafika kilomita 64, na anayetumia 24 ataishia kilomita 32. Wote wawili wakichaji kwa chaja ya ampea 4, kurudisha kiasi hicho kutawachukua muda wa saa 4 au zaidi kidogo. Ukijumlisha saa za kuendesha na za kuchaji, wa kwanza amekwenda kilomita 64 katika saa zipatazo 6 na nusu, na wa pili amekwenda nusu ya umbali huo katika saa zinazokaribia 5. Kwa wastani wa saa hizo zote, aliyekwenda polepole ndiye aliyetangulia.

Tena miguu yenyewe ina mchango ambao watu huudharau. Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kutoa wati 100 hivi kwa muda mrefu bila kuchoka kupita kiasi. Katika mwendo wa kilomita 25 kwa saa, mchango huo ni sehemu kubwa ya nguvu yote inayohitajika, ilhali katika mwendo wa kilomita 40 unakuwa nyongeza ndogo tu.

Injini ya petroli ina historia ndefu katika kazi hii. Mwaka 1946 Soichiro Honda alianza kufunga kwenye baiskeli injini ndogo zilizobaki jeshini, zilizotengenezwa kwa ajili ya jenereta za redio, na katika mwaka huohuo VeloSolex iliingia sokoni nchini Ufaransa, injini yake ikizungusha gurudumu la mbele kwa kusugua tairi. Lita moja ya petroli hubeba karibu kilowati-saa 9 za nishati, kwa hiyo umbali si tatizo. Tatizo ni mtetemo, unaolegeza nati na kuchosha chuma hadi kikatike, pamoja na kelele na moshi wa injini ya mipigo miwili ambayo hudai petroli ichanganywe na oili kwa uwiano aliouandika mtengenezaji. Katika nchi nyingi, baiskeli yenye injini ya mafuta huhesabiwa kuwa pikipiki, ikihitaji usajili, leseni na bima. Anayeichagua asijaze mafuta injini ikiwa ya moto, wala asifunge tangi au mpira wa mafuta karibu na bomba la moshi. Yanayofuata yanahusu zaidi mota ya umeme, ambayo ndiyo wengi huichagua leo, ingawa habari za magurudumu na breki zinazihusu zote mbili.

Mota ya umeme hufungwa ama ndani ya kitovu cha gurudumu ama katikati ya fremu penye pedali. Ya kwenye kitovu ni rahisi kufunga na haigusi mnyororo, lakini ina uwiano mmoja tu wa mwendo. Mlimani, inapozunguka taratibu, sehemu kubwa ya umeme inaoupokea hugeuka joto badala ya kusukuma. Baiskeli, mpanda baiskeli na mizigo vyenye jumla ya kilo 130 vikipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 15 kwa saa huhitaji wati 320 hivi kwa kupanda peke yake, kabla ya kuhesabu msuguano wa matairi. Mota ndogo ya kitovu inaweza kutoa kiasi hicho kwa dakika chache, lakini kilima cha nusu saa ni jambo jingine. Mota ya katikati hutumia gia za baiskeli, kwa hiyo huzunguka kwa kasi inayoifaa hata kwenye mlima mkali. Gharama yake ni kwamba mnyororo na meno ya gia huchakaa haraka zaidi, na kwa hiyo msafiri abebe mnyororo wa akiba na kifaa cha kuukata na kuuunga. Kwa njia yenye milima mirefu, mimi ningechagua ya katikati. Kwa tambarare ningechagua ya kitovu bila kusita, kwa sababu ina vitu vichache vya kuharibika.

Jambo ambalo mafundi wa nyumbani hulisahau kuliko yote ni ekseli. Katika gurudumu la kawaida, ekseli hubeba uzito tu. Katika gurudumu lenye mota, ekseli imesimama na mota inalisukuma gurudumu kwa kuiegemea, kwa hiyo msukumo uleule unaolizungusha gurudumu kwenda mbele hutaka kuizungusha ekseli kurudi nyuma. Kinachoizuia ni pande zake mbili bapa zilizokaa ndani ya mkato wa fremu, na upana kati ya pande hizo kwa kawaida ni milimita 10 tu. Mota inayotoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 40 huikandamiza fremu, kupitia umbali huo mdogo, kwa nguvu inayozidi nyutoni 4000, ambayo ni sawa na uzito wa zaidi ya kilo 400. Mkato wa alumini hupanuka kidogo kidogo chini ya mkandamizo huo, kisha siku moja ekseli huzunguka, hukata nyaya zake na gurudumu huweza kuchomoka. Likiwa ni gurudumu la mbele, mpanda baiskeli hana nafasi ya kujiokoa. Kinga yake ni bamba la chuma linaloishika ekseli kwa tundu lenye umbo lake na kufungwa kwenye fremu sentimita kadhaa kutoka hapo. Lifungwe bila kuacha ulegevu wowote, kwa sababu bamba lililolegea huiruhusu ekseli kucheza na kula chuma taratibu. Mota ya kitovu isifungwe kabisa kwenye uma wa mbele wa alumini au wa nyuzi za kaboni. Mahali pake ni nyuma, kwenye fremu ya chuma ikiwezekana.

Gurudumu la nyuma hubeba mota, mizigo na sehemu kubwa ya uzito wa mtu, kwa hiyo linahitaji rimu imara na spoku 36. Spoku zikazwe sawasawa na zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza, zinapokuwa zimekaa mahali pake, kwa kuwa spoku inayolegea ndiyo inayokatika. Tairi pana la milimita 50 hivi hupunguza vishindo vinavyofika kwenye spoku na pia kwenye viungo vya seli za betri. Betri nayo ikae ndani ya pembe ya fremu, chini na katikati. Ikiwekwa juu ya keria ya nyuma pamoja na mizigo mingine, usukani huwa mwepesi mno na baiskeli inaweza kuanza kuyumba yenyewe kwenye mteremko.

Breki hufanya kazi inayokua kwa mraba wa mwendo. Kusimama kutoka kilomita 40 kwa saa kunadai breki zichukue nishati mara 2.56 ya ile ya kilomita 25. Hata hivyo, kwa msafiri, jaribio kubwa zaidi ni mteremko mrefu. Kilo 130 zikishuka mita 300 za kimo huachia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji, na yote ambayo hewa haikuyachukua huishia kwenye breki. Breki za kubana rimu hupasha rimu joto hadi tyubu kuweza kupasuka. Breki za disiki zenye sahani kubwa ndizo zinazofaa, na zitumike kwa vipindi: punguza mwendo kwa nguvu, achia zipoe, kisha punguza tena. Baadhi ya mota za kitovu zisizo na gia ndani huweza kugeuzwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, ila betri iliyojaa haina pa kuupokea, na mfumo utajizima juu ya kilima pale unapohitajika zaidi. Vishikio vya breki viwe na swichi ya kukata umeme wa mota mara vinapoguswa.

Kuhusu betri, ushauri wangu ni mkali kidogo: kama hujafunzwa kuunganisha seli, usiunganishe. Seli ya lithiamu-ioni hufika volti 4.2 ikijaa, na pakiti ya volti 48 yenye seli 13 zilizounganishwa mfululizo hufika volti 54.6. Chaja lazima iwe ya pakiti hiyohiyo, kwa kuwa chaja ya pakiti yenye seli 14 hutoa volti 58.8, na tofauti hiyo yatosha kuzijaza seli kupita kiasi iwapo bodi ya ulinzi, yaani saketi ya betri inayozuia hilo, imeshindwa. Usipite seli 14 bila sababu kubwa, maana pakiti ya seli 16 hufika volti 67.2, na umeme wa moja kwa moja (DC), kama wa betri, unaozidi volti 60 huhesabiwa katika viwango vingi kuwa unahitaji kinga zaidi dhidi ya mshtuko. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote mbele yake, fyuzi iungue badala ya baiskeli.

Betri iliyoanguka kwa kishindo, iliyovimba au iliyoingiwa na maji isichajiwe tena. Iliyoganda kwa baridi chini ya nyuzi 0 isichajiwe mpaka ipate joto, kwa kuwa lithiamu hujipaka kama metali ndani ya seli na kuiharibu pasipo dalili ya nje. Kwenye nyumba za wageni, msafiri asichaji akiwa amelala, wala asiweke betri kati ya kitanda na mlango. Ikishika moto, atoke na kuwatoa wengine, kwani moshi wake una sumu, na moto huo unaweza kuwaka upya baada ya kuonekana umezimika.

Sheria hufuata mwendo pia. Katika Umoja wa Ulaya, mota yenye nguvu ya mfululizo isiyozidi wati 250, inayosaidia tu mtu anapokanyaga na inayokatika kwenye kilomita 25 kwa saa, huiacha baiskeli ibaki baiskeli. Nchini Marekani sheria ya shirikisho hutaja mota iliyo chini ya wati 750 na mwendo ulio chini ya maili 20 kwa saa, huku kila jimbo likiwa na kanuni zake za barabarani. Anayevuka mipaka aulize kabla, kwa sababu bima inaweza kukataa kulipa kwa chombo ambacho sheria ya pale haikitambui. Kofia nayo iangaliwe: kofia ya kawaida ya baiskeli ya kiwango cha Ulaya cha EN 1078 hujaribiwa kwa kuangushwa kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, kwa hiyo anayeamua kwenda kilomita 40 atafute iliyojaribiwa kwa mwendo mkubwa zaidi.

Mwisho, anayekusudia kurudi kwa ndege ajue kwamba betri ya lithiamu-ioni inayozidi wati-saa 160 haikubaliwi kwenye mizigo ya abiria, na betri ya safari ndefu hupita kiwango hicho mara kadhaa. Usafirishaji wake kama mzigo wa hatari hudai kifungashio na nyaraka maalumu, kwa hiyo mpango wa kuirudisha, au wa kuiacha kwa mtu atakayeitumia, ufanywe kabla ya kuondoka.