Usinitumie picha ya shamba ya mwezi wa tatu

Jana tena. Jamaa yuko Dar, kapata kiinua mgongo, kanirushia picha kibao za shamba Tandahimba, kijani mpaka macho yanauma, mahindi yamebeba, chini kaandika "kaka hapa hata nchi ikiyumba familia inakula, na heka bei ya kutupa, unasemaje?" Nikamwambia nitumie picha ya mwezi wa kumi. Hana. Huwa hawana.

Kazi yangu ni kuwakagulia watu maeneo kabla hawajahamia shamba, watu wanaotaka wajilishe wenyewe na wasitetereke barabara ikikatika au bei zikipaa. Kila mmoja anakuja na imani ileile, kwamba kukiwa kijani basi maji yapo. Jamani. Kusini huku, Lindi na Mtwara, tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaanza Novemba au Desemba, unaisha Aprili au Mei, baada ya hapo ni ukame mpaka uchoke. Na hata ndani ya msimu, Januari au Februari mvua huwa inakata, mahindi yakiwa kwenye mbelewele ndo basi, ila muhogo unavumilia. Wastani wa mwaka hauoneshi hilo pengo, ndo maana mtu akianza kunisomea milimita za mwaka mzima namwachia amalize tu.

Waingereza nao walifanya hivihivi. Mwaka 1946 Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na wenzake waliizunguka nchi wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika ripoti, ukazaliwa mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga hazikulipa, na reli waliyoijenga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ikaja kung'olewa. Wao angalau walikuwa na ndege, wewe una picha za WhatsApp.

Sasa uwanda wa Makonde, maana ndo unaowapoteza wengi. Newala, Tandahimba, kule juu. Udongo ni kichanga kirefu, mvua ikipiga inazama, huoni dimbwi, huoni kijito, maji yanaenda chini kabisa na kuja kutokea kwenye chemchemi miguuni mwa mteremko, kama pale Ndanda. Mkorosho unaupenda sana huo udongo kwa sababu mizizi yake inashuka mbali, kwaiyo shamba linaweza kuwa zuri kweli kwa korosho na hapohapo likawa baya kabisa kwa mtu wa kuishi. Hivi ni vitu viwili tofauti na watu hawataki kuvitenganisha!! Muuzaji anakuonesha mikorosho iliyonona, we unawaza kisima. Maji ya bomba yapo, mradi wa Makonde upo tangu miaka ya 1950, lakini yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema mpaka kule juu, yani siku umeme haupo na maji hayapandi. Mtu anayejiandaa kwa dharura halafu anategemea pampu iliyo bonde jingine, sijui anajiandaa na nini.

Kwaiyo kule juu hesabu yako ni paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 80, mvua milimita 900, ni lita 72,000, toa kama asilimia 20 ya kumwagika na kupotea, unabaki na 57,600. Watu sita kwa lita 20 kila mmoja ni lita 120 kwa siku, kiangazi cha siku 200 ni lita 24,000. Umeona? Mvua inatosha na inabaki, kinachokosekana ni pa kuyaweka, yani simtanki tano za lita 5,000, na hapo mbuzi hajanywa wala mchicha haujamwagiliwa. Kitu kingine ambacho hawakwambii, miezi ya Juni mpaka Agosti majirani wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, lile vumbi linatua kwenye bati lako, kwaiyo mvua za kwanza usiziingize tanki, acha zioshe paa kwanza.

Kuhusu kuchimba kisima, ntasema ambacho watu wa sevei, wale wanaopima maji ya chini, hawapendi kusema. Kile kipimo cha umeme wa ardhini kikionesha namba ndogo, inaweza kuwa maji ya chumvi, inaweza kuwa mfinyanzi tu. Ukanda wa pwani, Kilwa na Lindi huko, nikiona hivyo nakisia kwa visima vya majirani zaidi ya karatasi ya sevei. Na kisima kikipimwa Aprili, mvua ndo kwanza zinaisha, mimi sikihesabu.

Barabara. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar upande wa Somanga, wilaya ya Kilwa, magari yakalala njiani siku kadhaa. Anayeishi Kilwa hana mlango mwingine wa maana. Masasi wanao, lami ya Tunduru mpaka Songea, ndefu lakini ipo. Vimbunga watu wanavidharau, wakati Lindi ilipigwa mwaka 1952 na Kenneth ya 2019 ilitupita kidogo tu ikaangukia Msumbiji. Nyumba ya bati la kupigilia juujuu karibu na pwani, kazi kwako.

Mengine haraka. Liwale na Nachingwea uliza habari za tembo kabla ya bei, na usiku wa kulala kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, kufukuza nguruwe ni sehemu ya kilimo, jiandae. Ardhi ya kijiji inapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, sio mwenyekiti peke yake na wajumbe wawili kwenye kibanda cha chai. Na mikorosho iliyomo ulizia ya nani, inaweza kuwa imewekwa rehani kwa mtu ambaye hujamuona.

Mkinibana niseme wapi, nasema bonde la Lukuledi, kati ya Mtama na Ndanda, ila sio ukingoni kabisa maana mto ukifurika hauna adabu. Maji yako karibu, lami inapita, hospitali za Nyangao na Ndanda ziko hapohapo. Shida ni kwamba wenyeji nao wanalijua hilo, kwaiyo mashamba ya bondeni hayauzwi, utaoneshwa ya mlimani.