Je, Wajua? Kwa Nini Rubani Huruka na Kishikwambi Ilhali Wewe Waambiwa Uzime Simu

Ukipanda ndege pale Moi, Mombasa, na mlango wa chumba cha marubani bado uko wazi, tupa jicho upande wa kushoto unapoingia. Kando ya dirisha la nahodha, kishikwambi kimebanwa mahali pake, na kingine kama hicho kiko upande wa msaidizi wake. Hujafunga hata mkanda, mhudumu anapita akihimiza simu zote ziwekwe katika hali ya ndege. Hapo ndipo swali linapozuka, na barazani kwetu limeulizwa si mara moja: mbona wao wanaruhusiwa?

Jibu la haraka ni kwamba hata wao wana masharti. Kinachokatazwa si kioo kinachong'aa, ni redio ya simu inayotafuta mnara wa mtandao kwa nguvu zake zote ndege inapopaa. Kishikwambi cha rubani huzimwa redio hiyo. Zaidi ya hapo, shirika la ndege haliamki tu asubuhi likanunua vishikwambi madukani na kuwagawia marubani. Ni lazima liiridhishe mamlaka ya usafiri wa anga, ambayo kwa Kenya ni KCAA, kwamba chombo hakiingilii mitambo ya ndege, kwamba kishikizo chake hakitang'oka na kuangukia usukani, na kwamba kuna mpango iwapo betri yake itashika moto. Simu yako na za wenzako mia na ushei hazijapitia hayo.

Kwani kishikwambi kina nini cha lazima hivyo? Kimechukua nafasi ya begi. Wasafiri wa zamani watalikumbuka: begi jeusi la mraba, gumu kama sanduku, ambalo kila rubani aliliburuta kwenda nalo ndegeni. Ndani yake mlikuwa na chati, yaani ramani, za viwanja, vitabu vya ndege yenyewe na majedwali ya hesabu. Shirika la American Airlines lilisema begi moja liliweza kufika kilo 16, nao marubani ni wawili. Shirika hilo lilipata idhini ya kutumia iPad katika hatua zote za safari Desemba 2011, likianza na ndege zake za Boeing 777, na kufikia katikati ya 2013 lilikuwa limeyaondoa mabegi hayo katika ndege zake zote. Wengine wakafuata. Kitaalamu mkoba huu wa kielektroniki hujulikana kwa herufi EFB.

Wengi husifu mafuta yanayookolewa kwa kupunguza uzito. Ni kweli yanaokolewa, lakini kwa maoni yangu faida kubwa haiko kwenye mizani, iko kwenye kalenda. Taarifa za usafiri wa anga duniani hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, siku ya Alhamisi, nchi zote kwa pamoja. Masafa ya redio yamebadilika, njia ya kutulia uwanjani imechorwa upya, mnara mpya wa simu umejengwa karibu na njia ya kurukia: yote hayo huingia kwenye chati mpya. Enzi za karatasi, rubani alipokea bahasha nene, akakaa mezani akichomoa kurasa zilizopitwa na wakati na kuchomeka mpya, moja moja. Safari ya Nairobi–Mombasa pekee ilimtaka awe na chati za viwanja hivyo viwili, na za viwanja mbadala iwapo Mombasa haitulikiki, labda Zanzibar au Kilimanjaro. Kila uwanja una kurasa zake kadhaa. Ukichomoa ukurasa usio wake, au ukasahau mmoja kwa uchovu, hutajua mpaka siku utakapouhitaji gizani, mvua inapiga kioo.

Biashara hii ya chati, kwa njia, ilianzishwa na rubani wa barua wa Marekani, Elrey Jeppesen, aliyekuwa akiandika kwenye daftari lake urefu wa vilima na viwanja alivyopitia. Wenzake walilitaka, naye mwaka 1934 akaanza kuuza nakala kwa dola 10. Leo rubani hupakua mzunguko mzima kwa Wi-Fi hotelini akinywa chai, na programu humwonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi.

Lakini chati ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo abiria haioni, ni hesabu.

Kila safari, kabla ya injini kuwashwa, marubani hupiga hesabu ya kupaa. Chukua ndege ile ile, yenye uzito ule ule, uiweke Mombasa kisha Nairobi. Uwanja wa Moi uko takriban futi 200 juu ya usawa wa bahari, wa Jomo Kenyatta zaidi ya futi 5,300. Joto nalo hufanya hewa iwe nyepesi: kila nyuzi moja juu ya kiwango sanifu cha mahali hapo ni kama kumpandisha rubani futi 120 zaidi. Kwa hiyo alasiri ya Februari Mombasa, joto likiwa nyuzi 32, mabawa ya ndege "huhisi" yako karibu futi 2,300. Nairobi kukiwa na nyuzi 25, ambazo Mombasa tungeziita baridi, mabawa huhisi yako karibu futi 7,800. Hewa nyepesi humaanisha injini dhaifu na mabawa yanayotaka kasi zaidi ndipo yainue mzigo. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Nairobi ina zaidi ya mita 4,000, nasi Mombasa twatosheka na mita 3,350 hivi.

Halafu kuna upepo. Ndege hupaa na kutua kwa kuukabili. Njia kuu ya Moi imeandikwa 03 upande mmoja na 21 upande wa pili, maana yake inaelekea nyuzi kama 30 za dira, kaskazini mashariki, na kinyume chake nyuzi 210. Mpwani ataliona mara moja: 03 inalikabili kaskazi uso kwa uso. Upepo uliowaleta manahodha wa majahazi ndio unaompa rubani wa leo mita chache za bure, na kusi kikishika zamu, mara nyingi upande wa 21 ndio unaopendelewa. Rubani hujaza upepo huo kwenye kishikwambi, pamoja na joto, kanieneo ya hewa, uzito wa ndege na hali ya lami. Masika ikinyesha huchagua "njia imelowa", na majibu hubadilika papo hapo kwa sababu breki hazishiki vilevile.

Kishikwambi humrudishia kasi tatu. Ya kwanza ni ya uamuzi: ikishapita, hakuna tena kusimama, ni kupaa hata injini moja ikizima. Ya pili ni ya kuinua pua. Ya tatu ni kasi salama ya kupandia angani kwa injini moja. Humwambia pia injini zisukume kwa nguvu kiasi gani, kwani njia ikiwa ndefu na mzigo mwepesi hakuna haja ya kuzichosha. Zamani haya yote yalitafutwa kwa kidole kwenye majedwali, huku namba zikisogezwa upande wa tahadhari. Sasa ni sekunde.

Hizo sekunde ndizo zinazonitia wasiwasi kidogo. Jedwali lilimlazimisha mtu aone namba zikipanda hatua kwa hatua, akazizoea. Programu hupokea chochote. Machi 2009 huko Melbourne, Australia, rubani wa ndege ya Emirates aina ya Airbus A340 aliingiza uzito wa tani 262.9 kwenye kompyuta ya kupakata badala ya 362.9. Tarakimu moja, tani 100. Kompyuta ikatoa kasi ndogo na nguvu ndogo. Mkia ukaburuzwa kwenye lami, na ndege ikapita mwisho wa njia ndipo ikanyanyuka. Ilirudi ikatua salama. Huko Halifax, Kanada, Oktoba 2004, ndege ya mizigo ya MK Airlines aina ya Boeing 747 haikubahatika. Wachunguzi waliona kwamba huenda uzito wa safari iliyotangulia ndio uliotumika katika hesabu ya kompyuta. Watu saba waliokuwamo walikufa wote.

Ndiyo maana, katika mashirika mengi, marubani wawili hawapigi hesabu pamoja. Kila mmoja huingiza namba zake kwenye kishikwambi chake bila kuchungulia cha mwenzake, kisha husomeana majibu kwa sauti. Yakitofautiana, hakuna anayeondoka hapo.

Chombo chenyewe pia kina udhaifu wake, na Mombasa hukionea. Apple hutaja joto la juu la kutumia iPad kuwa nyuzi 35. Ndege iliyoegeshwa adhuhuri, jua likipenya vioo vya mbele, huzipita nyuzi hizo bila shida, na kishikwambi kilichoachwa juani hujizima chenyewe mpaka kipoe. Marubani hukiweka kivulini na kuchunga chaji. Kuna na kero ndogo ya miwani: aina fulani za miwani ya jua hukifanya kioo kiwe cheusi tititi ukikiangalia kwa pembe isiyofaa.

Programu nazo hukwama. Aprili 2015 safari kadhaa za American Airlines zilichelewa kwa sababu programu ya chati iliwazimikia marubani. Chanzo kilikuwa nakala mbili za chati moja ya uwanja wa Reagan, Washington. Dawa yake ilikuwa kuifuta programu na kuipakua tena, jambo ambalo kila mwenye simu hapa mtaani amewahi kulifanya.

Kikizimika angani je? Ndege haitetereki, kwa kuwa kishikwambi cha kubeba hakiiendeshi. Skrini za ndege yenyewe hufanya kazi, kishikwambi cha pili kipo, na waongozaji wa ndege wanaweza kusoma taarifa kwa redio. Na pamoja na mageuzi yote haya, ndege nyingi bado zina kitabu kimoja cha karatasi karibu na viti vya marubani: orodha ya hatua za dharura. Moshi ukijaa chumbani, kitabu hicho hufunguliwa kwa mkono mmoja, hakiulizi nywila wala hakihitaji chaji.