Magadi hayalindi vitamini za mboga

Jikoni kwetu Tabora, majani ya kunde yakibandikwa, magadi hayako mbali. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba mboga ikiiva huku bado ni kijani kibichi, vitamini zake zote zimo. Sivyo. Majani yakichemka hutoa asidi, nayo ndiyo hugeuza kijani kuwa rangi ya kaki. Magadi huizima asidi hiyo, rangi ikabaki. Lakini vitamini C na B1 hazivumilii magadi; huharibika upesi zaidi. Macho yanafurahi, mwili unapunjwa.

Kwenye mlenda sigombani na mtu, ila tia kidogo.

Mchicha au matembele hayahitaji magadi kabisa. Osha kabla ya kukata, kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, geuza dakika chache, epua. Maji ya majani yenyewe yanatosha. Mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa husaidia mwili kufyonza karotini, inayogeuzwa kuwa vitamini A. Ndugu zetu wa Kigoma wana mawese, hawana shida.

Kisamvu tu ndicho kisiharakishwe. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi, kwa hiyo yatwange vizuri, kisha yachemshe kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.